Mkoa wa Kati 1957: Eliud Mathu aliangukaje, na ni nani hasa waliopiga kura?

#1 Mwana_Chania
Wadau, hamjambo. Wiki jana binti yangu alikuwa akidurusu kwa ajili ya mtihani, akaniuliza Mwafrika wa kwanza kuingia Baraza la Kutunga Sheria la Kenya ni nani. Hilo ninalijua hata nikiamshwa usiku wa manane: Eliud Mathu, Oktoba 1944. Akauliza, "Halafu?" Nikamwambia alishindwa uchaguzini Machi 1957. "Alishindwa na nani?" Bernard Mate. "Kwa nini?" Hapo nikakwama.

Tangu siku hiyo sijatulia. Eneo lenyewe liliitwa Mkoa wa Kati, basi. Mkoa mzima kiti kimoja: Kiambu, Fort Hall (Murang'a ya leo), Nyeri, Embu na Meru. Likapigiwa kura mara moja tu, mwaka uliofuata likakatwa vipande. Leo hata mkoa wenyewe haupo. Na katika kura hiyo moja, mtu aliyesoma Fort Hare na Oxford, aliyekaa barazani miaka kumi na miwili na zaidi, mwenyeji wa Dagoretti, aliangushwa na mwalimu kutoka upande wa pili wa Mlima Kenya.

Ninalosema mimi ni hili: Mate hakumwangusha Mathu. Aliyemwangusha ni daftari la wapiga kura. Wakikuyu wengi walifungiwa nje, na waliobaki ndani ndio waliochagua. Mwenye hoja nyingine ailete.

#2 Kamongo_Ziwa
Nimevuta kigoda. Lakini mkuu, Waafrika wa Kenya si walianza kupiga kura 1963? Hiyo ya 1957 ilikuwa kura ya nani?

#3 Karani_Mstaafu
@Kamongo_Ziwa hapana ndugu yangu. 1963 ni kura ya kuelekea uhuru. Mara ya kwanza Waafrika wa Kenya kuchagua wajumbe wao moja kwa moja ni Machi 1957. Kabla ya hapo mabaraza ya wilaya yalipeleka majina na gavana akateua. Mathu alikuwa peke yake mwanzoni, 1948 wakafika wanne, 1952 wakawa sita.

Mwaka huo wa 1957 viti vilikuwa vinane. Tom Mboya akachukua Nairobi, Oginga Odinga Nyanza ya Kati, Masinde Muliro Nyanza Kaskazini, Lawrence Oguda Nyanza Kusini, Ronald Ngala Pwani, Daniel arap Moi Bonde la Ufa, James Muimi Ukambani, na Bernard Mate Mkoa wa Kati.

Sasa sheria zake. Si kila mtu mzima alipiga kura. Walter Coutts alipewa kazi ya kupendekeza utaratibu, akaja na ngazi za sifa: elimu ya kiwango fulani, mapato ya pauni 120 kwa mwaka au mali ya pauni 500, utumishi wa muda mrefu, nishani, na kadhalika. Sifa moja ilikupa kura moja, na ukiwa na zaidi unaongezewa hadi kura tatu. Pauni 120 ni shilingi 2,400, yaani 200 kwa mwezi, wakati ambapo vibarua wengi mjini hawakufikia hata nusu ya hizo.

Mkoa wa Kati ukawekewa kufuli moja zaidi. Mkikuyu, Mwembu au Mmeru hakuandikishwa bila cheti cha uaminifu, yaani karatasi ya serikali ya kuthibitisha kwamba hakuunga mkono Mau Mau, wale wapiganaji wa msituni waliopinga ukoloni.

#4 Mjukuu_wa_Gicagi
Asante Karani. Niongezee hicho cheti kilikuwa na maana gani kwa watu wa kawaida, maana kwenye vitabu kinapita kwa mstari mmoja.

Nyanya yangu alizaliwa Kiambu, na yuko hai. Kuanzia 1954 waliondolewa kwenye migunda yao, nyumba zikachomwa, wakapangwa kijijini safu kwa safu. Kijiji kilizungushiwa mtaro mpana, ndani yake miti iliyochongwa ncha. Waliouchimba ni wao wenyewe, wanawake, na filimbi ya asubuhi ndiyo ilikuwa saa yao. Kwenda shambani ni kwa ruhusa, kurudi ni kwa saa. Mwenye cheti alitembea. Asiye nacho alikaa.

Kwa hiyo tukisema "hawakuwa na cheti" tusifikirie mtu aliyechelewa kujiandikisha. Ni watu waliokuwa na mtaro mbele ya mlango. Na wanaume makumi ya maelfu walikuwa kwenye kambi za kizuizini, kuanzia Manyani hadi Mwea.

Na kuna tarehe nawaomba mwiweke mbele yenu. Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, alinyongwa gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Uchaguzi ulikuwa Machi. Kijiji kizima kilikuwa bado kinanong'ona.

#5 Nithi_Juu
Habari zenu. Kila uzi wa 1957 unaanza hivi: "Mathu aliangukaje", haujawahi kuanza na "Mate alishindaje". Mzee Mate alikuwa mtu kamili. Mwalimu, alisoma hadi Uingereza, aliheshimika Meru yote. Kura aliomba, watu wakampa. Kwani Mmeru hawezi kushinda Mkikuyu mpaka Mkikuyu awe amefungwa kamba?

#6 Mwana_Chania
@Nithi_Juu nimekusikia, na sikusudii kumdunisha. Lakini jibu hili: vyeti viligawiwa sawa Kiambu na Meru?

#7 Nithi_Juu
Havikugawiwa sawa, nakubali. Meru walipata wengi zaidi kwa sababu vita havikuuma huko kama Nyeri na Murang'a. Lakini msiseme Wameru hawakuingia msituni. Musa Mwariama alikuwa Mmeru, na alitoka msituni Desemba 1963 bendera ikiwa tayari imepanda, hakuwahi kukamatwa. Baimungi naye vilevile ni wa kwetu. Kuna Wameru wengi nao walinyimwa hicho cheti.

#8 Kamongo_Ziwa
Karani amenielimisha, sasa wacha na mimi niongeze kuni. Nadharia ya cheti ina tundu. Angalieni Nyanza ya Kati. Huko hakukuwa na cheti cha uaminifu wala mtaro. Beneah Ohanga alikuwa Waziri, Mwafrika wa kwanza Kenya kupewa uwaziri. Odinga akampiga. Angalieni Nyanza Kaskazini: W. W. W. Awori alikuwa mjumbe, Muliro akampiga. Walioteuliwa na gavana walianguka karibu wote mwaka ule. Walipona Moi na Muimi tu.

Kwa hiyo Mathu alianguka kwa sababu ile ile ya Ohanga na Awori. Watu walichoka na wajumbe wa kuteuliwa. Mathu aliingia hata Halmashauri Kuu ya serikali 1952. Kwa mwananchi aliyenyang'anywa shamba, huyo ni mtu wa serikali, hata awe na Kiingereza kitamu namna gani.

#9 Mwana_Chania
Hoja nzito hiyo, mkuu. Lakini mwananchi aliyenyang'anywa shamba ndiye yule yule hakupiga kura! Waliopiga Kiambu ni watu wa upande wa serikali. Iweje wao wamkatae mtu kwa kuwa karibu na serikali?

#10 Kamongo_Ziwa
Hapo umenibana. Wacha nifikirie, nitarudi.

#11 Mzaramo_Pugu
Wakuu wa Kenya, shikamooni kwa wakubwa. Hata kwetu Tanganyika tulikuwa na hiyo ya kura tatu. 1958, mkoa mzima jimbo moja, kila mtu kura tatu. Mwalimu Nyerere mwenyewe aligombea Mkoa wa Mashariki dhidi ya Chifu Patrick Kunambi, akashinda. Inaelekea Waingereza walikuwa na kitabu kimoja.

#12 Karani_Mstaafu
@Mzaramo_Pugu marahaba. Tatu yenu na tatu yetu ni vitu viwili tofauti. Kwenu kila mpiga kura alilazimika kuchagua watu watatu: Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Kila mtu alikuwa na idadi ile ile. Kwetu mtu mmoja angeweza kuwa na kura tatu na jirani yake moja, na zote zinakwenda kwa Mwafrika, kwa sababu Wazungu na Wahindi walikuwa na daftari zao na viti vyao. Kwenu mlilazimishwa kuchanganya, kwetu tulilazimishwa kutengana.

#13 Mzaramo_Pugu
Nimesahihishwa, ahsante mzee wangu. Ni kweli, na ndiyo maana TANU nusura ipasuke kule Tabora Januari 1958: tuingie kwenye uchaguzi wa kura tatu au tususie? Wakaamua kuingia. Ila sisi tulikuwa na chama cha nchi nzima cha kubishania jambo hilo. Nyinyi 1957 mlikuwa na chama gani?

#14 Karani_Mstaafu
Swali zuri kuliko unavyodhani. Hatukuwa nacho. KAU (Kenya African Union), chama cha kitaifa cha Waafrika, ilipigwa marufuku 1953. Mwaka 1955 serikali ikaruhusu vyama vya wilaya tu, na hata hivyo Mkoa wa Kati haukuruhusiwa. Huko kulikuwa na baraza la ushauri la watu waaminifu kwa serikali, basi. Mboya alikuwa na wafanyakazi wa vyama nyuma yake. Odinga alikuwa na mtandao wake wa biashara na Umoja wa Wajaluo. Mathu alikuwa na jina lake tu. Mtu mwenye jina bila chama, katika mkoa ambao mkutano ni kwa kibali, atawafikia wapiga kura wa Meru kwa njia gani?

Hii ni nadharia ya tatu, iandikeni.

#15 Embu_Mjini
Nasoma toka mwanzo. Kiambu wamesemwa, Meru wamesemwa, hata Tanganyika imesemwa. Embu ilikuwa katika eneo hilo hilo, na wakati huo Embu ilijumuisha Ndia na Gichugu, ambayo sasa ni Kirinyaga. Sisi tulikuwa watazamaji?

#16 Nithi_Juu
Embu mlikuwa mnatafuta mahali pa kuegemea, kama kawaida yenu 😄

#17 Embu_Mjini
Tuliegemea kwa Jeremiah Nyagah mwaka uliofuata, na hakuangusha mtu. Usinichokoze asubuhi.

#18 Kahawa_Chungu
Nimefanya kazi na vyama vya ushirika vya kahawa miaka mingi, niruhusuni nilete jambo ambalo hakuna aliyeligusa. Mnazungumza siasa tupu. Tazameni shamba.

Waafrika waliruhusiwa kupanda kahawa ya biashara kwanza Meru, Embu na Kisii, miaka ya 1930. Kiambu, Murang'a na Nyeri walizuiwa muda mrefu, kwa sababu walipakana na masetla, na masetla hawakutaka miche ya Mwafrika karibu na yao wala ushindani wa vibarua. Ruhusa ya kweli ilikuja miaka ya 1950, na mpango wa Swynnerton wa 1954, ule wa serikali wa kilimo cha Waafrika, ndio uliofungua mlango. Na mkahawa ukiupanda leo, unangoja miaka mitatu minne kabla ya kuchuma cha maana.

Sasa rudini kwenye orodha ya Karani. Mapato ya pauni 120. Mali ya pauni 500. Machi 1957, ni nani katika mkoa ule angeweza kuonyesha risiti za kahawa za miaka ishirini? Mmeru na Mwembu. Mkikuyu aliyepanda 1954 alikuwa na miche ya kufika kiunoni. Kwa hiyo hata mngefuta cheti cha uaminifu siku ile, bado Meru ingekuwa na wenye kura mbili na tatu wengi kuliko mnavyofikiri.

#19 Nithi_Juu
Kahawa_Chungu, Mungu akubariki. Babu yangu aliweka risiti za kahawa kwenye mkebe wa majani ya chai, amezitoboa katikati na kuzipitisha kwenye waya. Nilikuwa mtoto, nikidhani ni za kuchezea, akanichapa. Aliniambia, "Hizo ndizo zilinipa kura mbili." Sikuelewa hadi leo. Ya pili ilikuwa ya shule, maana alimaliza darasa la kati la wamisionari.

#20 Mwana_Chania
Kura mbili! Ndugu, hiyo ni hazina. Mkebe bado upo?

#21 Nithi_Juu
Nyumba ya zamani ilibomolewa. Nitamuuliza baba mdogo.

#22 Mjukuu_wa_Gicagi
Kahawa_Chungu nimejifunza kitu, shukrani. Lakini tusije tukafanya ionekane kama ajali ya kilimo. Aliyezuia kahawa ni serikali. Aliyeweka mapato kuwa sifa ni serikali hiyo hiyo. Aliyetoa cheti ni serikali. Mkono mmoja, vidole vitatu.

#23 Mtoto_wa_Pumwani
Naomba kuingiza Nairobi kidogo, maana kisa ni kimoja. Aprili 1954 jeshi lilizunguka mji katika ile Operesheni Anvil, likakamata Wakikuyu makumi ya maelfu, wengine kambini, wengine wakarudishwa vijijini. Kufika 1957, Nairobi ya Wakikuyu ilikuwa imetolewa nje ya Nairobi. Halafu ndipo kura ikapigwa, na Mboya akamshinda wakili Argwings-Kodhek kwa kura zisizofika 400. Wajaluo wawili ndio walioshindania kiti cha mji ambao miaka mitatu nyuma ulijaa Wakikuyu. Simvunjii heshima Mboya, nampenda sana. Ila daftari la Nairobi na daftari la Mkoa wa Kati lilifutwa kwa kifutio kimoja.

#24 Kamongo_Ziwa
Nimerudi, na Mtoto_wa_Pumwani ananiharibia zaidi 😄 Lakini hilo la Nairobi linanisaidia pia. Kodhek ndiye wakili aliyetetea watuhumiwa wa Mau Mau mahakamani, na hakuwa mteule wa gavana. Alianguka pia. Kwa hiyo si wateule tu walioanguka. Sawa, nadharia yangu nimeitoboa mwenyewe, lakini siitupi.

#25 Mwenye_Cheti
Nimekuwa msomaji hapa miaka, siandiki. Leo naandika.

Babu yangu mzaa baba alikuwa na cheti. Alikuwa ngati, homugadi, yaani mlinzi wa kijiji wa upande wa serikali, huko Murang'a. Sikukuzwa nikilisema hilo kwa sauti, na shuleni nilipigwa kwa ajili yake. Simtetei. Alipokaribia kufa alipenda kuongea usiku, na mimi ndiye niliyelala chumbani kwake.

Aliniambia alipiga kura 1957 na hakumpa Mathu. Nikamuuliza kwa nini, ukoo wenu, lugha yenu. Akasema Mathu alikuwa wa zamani na Kenyatta. KAU ilianzishwa 1944 kumsaidia Mathu, huo ndio ulikuwa mwanzo wake, kila mtu alijua. Akasema, "Sisi tulikuwa tumeshapigana na watu wa Kenyatta. Huyu akirudi barazani, kesho atamtoa jela, na wa kwanza kutafutwa ni sisi." Walikuwa wakiogopa. Hiyo ndiyo sababu aliyonipa, woga. Mate hakuwa na madeni na mtu yeyote wa Murang'a.

Sijui wangapi walifikiri kama yeye. Ninajua mmoja.

#26 Mjukuu_wa_Gicagi
@Mwenye_Cheti nimesoma mara mbili. Nyanya yangu na babu yako walikuwa pande mbili za mtaro mmoja. Asante kwa kuandika.

#27 Mwana_Chania
Nami nakushukuru sana. Na umejibu swali nililomuuliza Kamongo: iweje watu wa upande wa serikali wamkatae mtu wa serikali. Kwa walio nje Mathu alikuwa wa gavana, kwa walio ndani alikuwa wa Kenyatta.

#28 Shimo_la_Tewa
Samahani, naona mnakwenda mbio. Baba yangu alikuwa karani Nyeri wakati huo (sisi ni watu wa Pwani, alihamishiwa huko) naye alisema kinyume kabisa. Kwamba wenye vyeti wengi Nyeri walimtaka Mathu, kwa sababu ndiye pekee aliyejua kuzungumza na Wazungu, na walitumaini atawapunguzia adhabu za kijiji. Na kwamba siku ya matokeo kulikuwa na huzuni ofisini. Tumweke nani kwenye mizani, karani au ngati?

#29 Karani_Mstaafu
Wote wawili. Nyeri si Murang'a na Murang'a si Kiambu. Vita vilipita tofauti kila tarafa.

#30 Gitaa_la_Nyuzi
Mnasahau 1958! Kiano alimwondoa Mate mwaka mmoja tu baadaye. Kwa hiyo Wakikuyu walirekebisha mambo haraka.

#31 Karani_Mstaafu
@Gitaa_la_Nyuzi si hivyo. Mate hakuondolewa. Wale wanane walikataa nyadhifa za uwaziri na kudai viti zaidi, na mwishoni mwa 1957 Waziri wa Makoloni Lennox-Boyd akaongeza vingine sita. Machi 1958 ndipo eneo la Mkoa wa Kati likapasuliwa. Mate akabaki na kaskazini, upande wa Meru. Julius Kiano akapata kusini, Nyagah akapata Nyeri na Embu. Wengine wapya walikuwa Toweett, ole Tipis, Mumo wa Machakos na Khamisi wa Mombasa. Kwa hiyo Mate na Kiano waliketi pamoja barazani, upande mmoja.

#32 Mwana_Chania
Lakini Gitaa amegusa kitu bila kujua. Kiano! Alirudi kutoka Marekani 1956 na shahada ya uzamivu ya Berkeley, Mwafrika wa kwanza wa Kenya kuipata. Kijana, mkali wa maneno, si mtu wa kuinama. Na alichaguliwa kusini, Kiambu na Murang'a, vyeti vikiwa bado vinadaiwa. Kama wenye vyeti walimwogopa Mathu kwa sababu ya Kenyatta, mbona mwaka mmoja baadaye wakampa kura mtu mkali kuliko Mathu mara kumi?

#33 Mwenye_Cheti
Hilo nililiwaza pia. Labda kwa sababu Kiano hakuwepo. Miaka yote ya vita alikuwa ng'ambo. Hakula kiapo na hakushika bunduki ya ngati. Hakuna aliyekuwa na kesi naye.

#34 Kahawa_Chungu
Au kwa sababu 1958 Meru haikuwa ndani tena. Kata eneo, badilisha mshindi.

#35 Kamongo_Ziwa
Au kwa sababu watu walitaka sura mpya, kama nilivyosema tangu #8. Naomba hilo lihesabiwe 😄

#36 Mzaramo_Pugu
Wakuu, swali la lugha kidogo. Naona nyote mnasema "eneo", mara "eneo bunge". Sisi tunasema jimbo. Kwa nini Wakenya mnalikwepa neno jimbo?

#37 Mtoto_wa_Pumwani
Kwetu jimbo lina moto wake. 1963 "majimbo" ilikuwa sera ya chama cha KADU, serikali za mikoa, akina Ngala na Moi na Muliro. Ukisema jimbo mbele ya mzee wa KANU, chama kilichopinga sera hiyo, anadhani unataka kugawa nchi.

#38 Embu_Mjini
Na majimbo hayo ndiyo yaliyotuhamisha! Tume ya mipaka ya 1962 iliitoa Meru na Embu ikazitia Mashariki. Ndia na Gichugu zikabaki Kati, zikawa Kirinyaga. Ndiyo maana kijana wa leo akisikia "Bernard Mate, mjumbe wa Mkoa wa Kati" anadhani ni kosa la uchapaji. Mimi mwenyewe nilibishana na mwalimu wangu wa historia juu ya hilo, akanipa sifuri.

#39 Nithi_Juu
Afadhali wewe ulibishana. Mimi nilifundishwa orodha ya wanane, na jina la Mate mwalimu aliliruka. Sikujua ni mtu wa kwetu mpaka nilipoajiriwa.

#40 Shimo_la_Tewa
Na Mathu mwenyewe aliishiaje? Alitupwa?

#41 Karani_Mstaafu
Hakutupwa. Alifanya kazi Addis Ababa na Tume ya Umoja wa Mataifa ya Uchumi wa Afrika, na baada ya uhuru Kenyatta akamweka Ikulu kuwa msimamizi wa shughuli za nyumba hiyo. Alifariki 1993. Kiti cha kuchaguliwa hakukalia kamwe. Mwafrika wa kwanza kuingia barazani, na alipoomba kura za umma 1957, umma ulioruhusiwa kupiga kura ulikuwa ndio ule.

#42 Mwenye_Cheti
Kwa hiyo Kenyatta ndiye aliyemwokota. Babu yangu angesema, "Si nilikwambia?"

#43 Msimamizi_2
Uzi mzuri. Kuna mtu ameripoti #16 kuwa ni ukabila. Nimesoma, naona ni utani wa majirani, nauacha. Muendelee kwa heshima.

#44 Embu_Mjini
Si mimi niliyeripoti. Nithi_Juu ni shemeji yetu, mke wake ni wa Runyenjes, tunamvumilia.

#45 Nithi_Juu
Baba mdogo amepiga simu. Mkebe upo! Waya umeshika kutu, risiti za juu zimeliwa na mchwa, za katikati zinasomeka. Zipo za 1949 na 1951. Kuhusu kura hakuna karatasi. Nikimuuliza babu alimpigia nani, baba mdogo anacheka tu, anasema, "Kwani kulikuwa na mwingine?"

#46 Mwana_Chania
Binti yangu amesoma uzi mzima pamoja nami. Amesema hawezi kuandika yote haya kwenye mistari mitatu ya mtihani. Nimemwambia aandike la cheti. Anataka kuandika la kahawa.

#47 Kahawa_Chungu
Mtoto mwenye akili.

#48 Mjukuu_wa_Gicagi
Jumapili nilikwenda kwa nyanya, nikamsomea machache kutoka hapa, hasa ya Mwenye_Cheti. Alisikiliza hadi mwisho, mikono ndani ya shuka. Nikamuuliza kama anakumbuka uchaguzi wa 1957.

Akasema hakujua kuwa kulikuwa na uchaguzi. Mathu anamjua, "yule wa Dagoretti". Mate hajawahi kumsikia. Nikamwambia ilikuwa Machi, mwezi mmoja hivi baada ya Kimathi. Akanyamaza kwa muda, halafu akasema kuna siku moja, mvua zilikuwa karibu, lori lilikuja asubuhi likawachukua ngati karibu wote na wake zao waliovaa nguo safi. Hakuna aliyewaambia wanakwenda wapi. Filimbi haikupigwa. Wanawake wakakaa milangoni wakisubiri, jua likapanda, haikupigwa. Basi yeye na dada yake wakachukua kiondo, wakapita pale mtaro ulipobomoka, wakaenda kwenye shamba lao la zamani wakachimba viazi vitamu vilivyojiotea vyenyewe. Walirudi kabla lori halijarudi.

Akaniuliza, "Siku hiyo ndiyo walikuwa wanapiga kura?"

Sikujua nimjibu nini. Karani, iliwezekana?

#49 Karani_Mstaafu
Iliwezekana, mama. Vituo vilikuwa vichache na mbali.